Kueleza Mwelekeo wa Takwimu kwa Maneno: Jedwali la Kigoma na Maji ya Ziwa Tanganyika

Mtahiniwa anapopewa jedwali au grafu na kutakiwa kuieleza kwa maneno, kazi huonekana nyepesi. Tarakimu zipo, miaka ipo, kilichobaki ni kuandika. Hapo ndipo wengi huandika "imepanda" kila mstari unapoelekea juu na "imeshuka" kila unapoelekea chini, wakamaliza insha nzima kwa vitenzi viwili. Alama hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba lugha inachosha. Ya pili ndiyo kubwa: kitenzi kisipochaguliwa vizuri, sentensi husema jambo ambalo jedwali halikusema.

Mifano ya somo hili tumeichota sehemu moja, ufuko wa Ziwa Tanganyika kuanzia Ujiji hadi Bangwe, pamoja na takwimu za sensa za Mkoa wa Kigoma. Kama unasoma ukiwa Bangwe, mengi utayaona ukitoka nje ya darasa. Kama uko Mtwara au Musoma, utapata kwako mifano inayofanana nayo.

Anza na jedwali hili. Lisome mpaka mwisho kabla ya kuendelea.

Idadi ya watu, Mkoa wa Kigoma
Sensa ya 1988: takribani 855,000
Sensa ya 2002: takribani milioni 1.67, kasi ya ukuaji tangu 1988 ni asilimia 4.8 kwa mwaka
Sensa ya 2012: takribani milioni 2.13, kasi ya ukuaji tangu 2002 ni asilimia 2.4 kwa mwaka
Sensa ya 2022: takribani milioni 2.47, kasi ya ukuaji tangu 2012 ni asilimia 1.5 kwa mwaka
(Tanzania nzima: kasi ilikuwa asilimia 2.7 kati ya 2002 na 2012, na asilimia 3.2 kati ya 2012 na 2022.)

Sasa soma sentensi hii: "Kati ya mwaka 2012 na 2022 wakazi wa Kigoma walipungua." Je, ni kweli?

Si kweli. Wakazi waliongezeka kwa zaidi ya 340,000. Kilichopungua ni kasi ya kuongezeka kwao. Mwandishi wa sentensi hiyo aliona 2.4 ikifuatwa na 1.5, akakimbilia kitenzi bila kutazama tarakimu hizo zinapima nini. Chukulia sentensi hiyo imeingia katika ripoti ya halmashauri inayoomba madawati. Msomaji akiiamini, ataona madawati yaliyopo yanatosha na hata kubaki, kumbe mkoa una watu mamia ya maelfu ambao hawakuwepo miaka kumi nyuma, na wengi wao ni watoto wa umri wa shule.

Kwanza uliza: kinachopimwa ni nini?

Kabla ya kuandika kitenzi chochote, andika pembeni ya karatasi jina la kitu kinachopimwa na kipimo chake. Katika grafu, jina hilo liko kwenye mhimili wa wima. Katika jedwali letu vipo vitu viwili: idadi, ambayo hupimwa kwa watu, na kasi, ambayo hupimwa kwa asilimia kwa mwaka. Vitu hivyo viwili vinaweza kwenda njia tofauti kwa wakati mmoja bila kupingana.

Mfano wa kila siku: basi limetoka stendi ya Kigoma kwenda Kasulu. Dereva akipunguza mwendo kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 50, basi halijarudi nyuma. Bado linasogea kuelekea Kasulu, ila polepole zaidi. Idadi ya watu wa Kigoma ni umbali uliokwisha kusafiriwa, na kasi ya ukuaji ni mwendo wa basi. Basi lingeanza kurudi Kigoma kama tu mwendo ungepita sifuri na kuwa hasi. Mkoa wetu haujafika huko.

Sentensi sahihi basi ni hii: "Kati ya 2012 na 2022 idadi ya watu iliendelea kuongezeka, lakini kwa kasi ndogo kuliko miaka kumi iliyotangulia." Maneno "iliendelea" na "kwa kasi ndogo" yamebeba habari zote mbili ndani ya sentensi moja. Yakariri. Utayahitaji mara nyingi kuliko neno lingine lolote katika somo hili.

Vitenzi na mahali pake

Kiswahili kina vitenzi vingi vya mabadiliko, na kila kimoja kina kitu kinachokizoea. Kupanda na kushuka hupenda vitu vyenye kiwango, vinavyoweza kupimwa kama ngazi: bei, joto, kina cha maji, wastani, kasi. Kuongezeka na kupungua hupenda vitu vinavyohesabika au vyenye wingi: watu, samaki, mvua, mapato. Kukua hupenda vitu vyenye uhai au vinavyotazamwa kama vyenye uhai: mji, uchumi, biashara. Kupanuka ni kwa vitu vyenye eneo au upana, kama mashamba na huduma.

Mipaka hii si ya chuma. "Idadi imepanda" si kosa kubwa, na magazeti huiandika kila siku. Lakini "watu wamepanda" ni kituko, kwa sababu msomaji atauliza wamepanda nini: mti, basi au mahindi? Vivyo hivyo "bei imekua" huudhi sikio la msahihishaji. Ukiwa na shaka, tumia kuongezeka na kupungua kwa idadi, na kupanda na kushuka kwa kiwango.

Baada ya hapo tazama ukubwa wa badiliko. Mstari ukiinuka kidogo kidogo, sema umepanda taratibu, hatua kwa hatua, au umepanda kidogo. Ukiinuka ghafla, sema umepanda kwa kasi au umeruka. Ukiteremka ghafla, sema umeporomoka. Ukipanda sensa baada ya sensa bila kurudi nyuma, sema umepanda mfululizo. Usipobadilika, sema ulibaki palepale, ulitulia au haukubadilika. Ukienda juu na chini bila mpangilio, sema ulipanda na kushuka, au uliyumba. Sehemu ya juu kuliko zote ni kilele. Sehemu ya chini kuliko zote iite tu kiwango cha chini kabisa.

"Kuporomoka" litumie kwa hadhari. Ni neno zito, linalobeba picha ya ukuta au mlima unaoanguka. Kasi ya ukuaji kutoka asilimia 2.4 hadi 1.5 katika miaka kumi haijaporomoka, imeshuka tu. "Kupaa" na "kudorora" ni maneno ya vichwa vya habari. Kwangu mimi yabaki huko huko magazetini.

Kutoka, hadi na kwa

Viunganishi hivi vitatu ni vidogo, lakini makosa yake ni makubwa kuliko makosa ya vitenzi. Linganisha:

(a) Idadi iliongezeka hadi milioni 2.13.
(b) Idadi iliongezeka kwa milioni 2.13.

Katika (a), milioni 2.13 ndipo idadi ilipofikia. Katika (b), milioni 2.13 ni nyongeza juu ya watu waliokuwapo. Anayeandika (b) kuhusu sensa ya 2012 ameuongezea mkoa watu zaidi ya milioni moja na nusu ambao hawajazaliwa popote. Ukitaka kutaja nyongeza, toa kwanza: 2.13 ukiondoa 1.67 ni 0.46. Kwa hiyo, "idadi iliongezeka kwa takribani milioni 0.46, kutoka milioni 1.67 hadi milioni 2.13." Sentensi hiyo ina vyote vitatu na haina mwanya wa kueleweka vibaya.

Asilimia zina mtego wao. Kasi iliposhuka kutoka asilimia 2.4 hadi 1.5, wengi huandika "imeshuka kwa asilimia 0.9." Hesabu vizuri: 0.9 ni sehemu gani ya 2.4? Ni zaidi ya theluthi moja, yaani asilimia 37.5. Ndiyo kusema kasi ilishuka kwa zaidi ya theluthi, na anayesoma "asilimia 0.9" atadhani haikushuka kwa kitu. Njia salama katika chumba cha mtihani ni kuacha "kwa" na kuandika "kutoka asilimia 2.4 hadi asilimia 1.5." Hakuna msahihishaji atakayekuadhibu kwa hilo.

"Mara" nayo ina ubishi. Idadi ya 2022 ni karibu mara tatu ya idadi ya 1988, kwa sababu 855,000 mara tatu ni karibu milioni 2.57. Ukiandika "imeongezeka mara tatu zaidi," mmoja atahesabu mara tatu na mwingine atahesabu mara nne. Andika "ni karibu mara tatu ya ile ya 1988." Kwa mara mbili unalo neno zuri la pekee, maradufu: kati ya 1988 na 2002 idadi ya watu wa Kigoma ilikaribia maradufu.

Nomino zenye mtego

Insha nzuri haijai vitenzi tu. Utahitaji pia nomino, na hapa Kiswahili kinakuwekea kamba miguuni. Kutokana na kuongezeka tunapata "ongezeko," neno salama kabisa. Kutokana na kupungua ungetarajia mwenzake, lakini tazama yanayopatikana:

"Upungufu" ni hali ya kutotosha. "Upungufu wa dagaa sokoni" maana yake ni kwamba dagaa hawatoshi wanunuzi. Haimaanishi lazima kwamba wamekuwa wachache kuliko mwezi uliopita. Dagaa wanaweza kuongezeka na upungufu ukabaki, kama walaji wameongezeka zaidi.

"Punguzo" ni la dukani. "Punguzo la samaki" litamfanya msomaji afikirie bei imekatwa.

Kwa hiyo, unapotaka jina la tendo lenyewe, tumia kitenzi-jina: "kupungua kwa dagaa," "kushuka kwa kina cha maji," "kupanda kwa bei." Si maneno mafupi, lakini ni sahihi. "Nyongeza" nayo ni kile kilichoongezwa juu, kama nyongeza ya mshahara, na usiitumie mahali pa ongezeko la watu.

Upatanisho

Hapa hatutakaa sana, maana kanuni unazijua, ila kosa moja linarudi kila mwaka: "Idadi ya wavuvi wamepungua." Kiima cha sentensi hiyo ni idadi, si wavuvi, na idadi iko katika ngeli ya I-ZI. Andika "idadi ya wavuvi imepungua," au ondoa idadi kabisa: "wavuvi wamepungua." Kwa mtindo huo huo: kiwango kimepanda, wastani umeshuka, kina kimeongezeka, mavuno yamepungua, joto limepanda. Neno la makadirio nalo hufuata ngeli ya kitu kinachokadiriwa: watu wapatao 855,000, mita zipatazo kumi, madawati yapatayo mia mbili. Ukikwama, "takribani" halibadiliki.

Nyakati: simulizi ya ziwa lenyewe

Takwimu za miaka mingi ni hadithi, na hadithi inahitaji viambishi vya wakati vilivyo sahihi. Ziwa Tanganyika linatufaa kuliko mfano wowote, kwa sababu maji yake yamepanda na kushuka mbele ya macho ya watu.

Mwaka 1871 Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji, maji yalikuwa karibu na mahali palipo na mnara wa kumbukumbu hivi sasa. Leo ukisimama kwenye mnara huo, inabidi utembee ndipo uufikie ufuko. Nini kilitokea? Mto pekee unaotoa maji ziwani ni Lukuga, ulioko upande wa Kongo. Katika miaka ile njia yake ilikuwa imezibwa na matope na mimea, na ziwa likawa linajaa. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi kilibomoka, maji yakapata njia, na kina kikashuka kwa mita zipatazo kumi katika muda usiofika miaka 20. Baadaye, mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zilipandisha tena maji, yakafikia kilele mwaka 1964. Kuanzia karibu mwaka 2020 maji yamepanda tena kwa kiasi cha kuingia katika nyumba na maeneo ya bandari, Kigoma na hata Bujumbura.

Rudia aya hiyo ukitazama viambishi. Tukio lililokamilika na lenye mwaka wake linachukua -li-: "kizuizi kilibomoka." Matukio yanayofuatana baada yake yanachukua -ka-: "maji yakapata njia, kina kikashuka." Jambo lililoanza nyuma na ambalo athari yake ipo mpaka sasa linachukua -me-: "maji yamepanda tena." Mtahiniwa anayeandika yote kwa -me- (kizuizi kimebomoka, maji yamepata njia, kina kimeshuka) anamfanya msomaji adhani Lukuga ilifunguka juzi.

Kipo kiambishi cha nne, na wengi hukisahau. Kila mwaka ziwa hupanda msimu wa mvua, hufikia kilele chake cha mwaka karibu na Aprili na Mei, kisha hushuka kiangazi mpaka karibu na Oktoba au Novemba. Hilo ni jambo la mazoea, na kazi ya mazoea ni ya hu-. Usiandike "yanashuka" unapomaanisha "hushuka." Mtu anayesimama ufukweni Bangwe mwezi Oktoba, akatazama mawe yaliyojitokeza na kusema "ziwa linakauka," huenda ameona kushuka kwa msimu tu. Ili aseme ziwa linakauka kweli, alinganishe Oktoba na Oktoba, mwaka kwa mwaka. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mabadiliko ya msimu na mwelekeo wa muda mrefu, na grafu nzuri huonesha vyote viwili: mawimbi madogo ya kila mwaka yaliyopanda juu ya mstari mrefu.

Dagaa nao wana mawimbi yao. Huvuliwa usiku kwa taa, na taa hushinda gizani. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa hupoteza nguvu ya kuwavuta samaki, na wavuvi wengi hupumzika. Grafu ya siku 60 ya beseni zinazoshushwa mwaloni ingepanda usiku wa giza na kuteremka usiku wa mbalamwezi, mara mbili. Anayeieleza vizuri haandiki "mavuno yalipanda, yakashuka, yakapanda, yakashuka" mpaka karatasi iishe. Ataandika: "Mavuno hupanda na kushuka kwa mzunguko wa mwezi, yakifikia kiwango cha chini kabisa karibu na mwezi mpevu." Sentensi moja imemeza siku 60.

Grafu haisemi sababu

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, Tanzania ilisitisha shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Hatua hiyo ilifuata makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Sasa chora kichwani grafu ya samaki wanaoshushwa mwaloni mwaka ule. Katikati ya Mei mstari unaanguka na kulala chini. Utaandika nini?

"Samaki waliporomoka mwezi Mei" ni uongo, na ni uongo wenye madhara. Grafu inapima samaki waliofika mwaloni, haipimi walio majini. Inawezekana kabisa kwamba katika miezi ile samaki ziwani walikuwa wanaongezeka, maana hiyo ndiyo iliyokuwa nia ya kulipumzisha ziwa. Kwa familia inayokula kutokana na wavu, tofauti hiyo si ya lugha tu. Ziwa lililoishiwa samaki na ziwa lililofungwa kwa miezi mitatu ni habari mbili tofauti. Andika: "Mavuno yaliyofika mwaloni yalishuka ghafla katikati ya Mei na kubaki chini hadi katikati ya Agosti." Kisha, kama maelezo ya swali yametaja kusitishwa kwa uvuvi, ongeza: "kipindi ambacho uvuvi ulikuwa umesitishwa." Kama hayakutaja, nyamaza.

Kunyamaza huku ni kugumu kwa mwanafunzi anayejua mambo. Rudi kwenye jedwali la sensa. Kwa nini kasi ya 1988 hadi 2002 ilikuwa kubwa kiasi kile? Ukisoma historia ya mkoa utakumbuka kwamba miaka ya 1990 Kigoma ilipokea wakimbizi wengi kutoka Burundi na Kongo, na kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996. Kalamu itakuwasha uandike kwamba idadi iliongezeka kwa sababu ya wakimbizi. Huenda hiyo ni sehemu ya jibu. Lakini jedwali halikutenganisha waliozaliwa na waliohamia, kwa hiyo halikukupa haki ya kusema "kwa sababu." Swali likikutaka "eleza jedwali," eleza jedwali. Likikutaka "toa sababu," hapo utumie ujuzi wako, tena kwa maneno ya tahadhari: huenda, inawezekana, miongoni mwa sababu.

Jibu la mfano

Swali: Eleza kwa maneno yasiyozidi 120 mwelekeo unaooneshwa na jedwali la idadi ya watu wa Mkoa wa Kigoma.

"Jedwali linaonesha idadi ya watu wa Mkoa wa Kigoma katika sensa nne, kuanzia 1988 hadi 2022, pamoja na kasi ya ukuaji. Kwa ujumla idadi iliongezeka katika kila sensa, ilhali kasi ya ukuaji ilipungua mfululizo. Mwaka 1988 mkoa ulikuwa na watu wapatao 855,000. Kufikia 2002 idadi ilikaribia maradufu, ikafikia milioni 1.67, kwa kasi ya asilimia 4.8 kwa mwaka. Katika miaka kumi iliyofuata idadi iliendelea kuongezeka hadi milioni 2.13, lakini kasi ilishuka hadi asilimia 2.4, yaani nusu ya ile ya awali. Mwaka 2022 idadi ilifikia milioni 2.47, na kasi ikashuka tena hadi asilimia 1.5. Katika kipindi hicho cha mwisho, kasi ya taifa zima ilipanda kutoka asilimia 2.7 hadi 3.2."

Jibu limeanza kwa kusema jedwali ni la nini, likatoa picha ya jumla kabla ya tarakimu, kisha likachagua. Halikutaja kila namba mara mbili. Neno "ilhali" limebeba mgongano wa idadi na kasi. Kasoro moja ninayoiona ni sentensi ya mwisho: inataja taifa bila kulilinganisha waziwazi na mkoa. Ingekuwa bora hivi: "Mwelekeo huo ni kinyume na wa taifa zima, ambalo kasi yake ilipanda kutoka asilimia 2.7 hadi 3.2." Na usisahau kuhesabu maneno. Ukizidisha yanayotakiwa, kata miaka na tarakimu za katikati, usikate picha ya jumla.

Mazoezi

1. Sahihisha sentensi zifuatazo, kisha ueleze kosa la kila moja:
(a) Idadi ya wanafunzi wamepanda kwa 900 kutoka 600.
(b) Kuna punguzo kubwa la mvua Kigoma mwezi Julai.
(c) Mwaka 1964 maji ya Ziwa Tanganyika yamefikia kilele.
(d) Kasi ya ukuaji ikishuka, watu wanapungua.

2. Simulia kwa maneno yasiyozidi 80 mabadiliko ya kina cha Ziwa Tanganyika kuanzia 1871 hadi 1964. Tumia -li- na -ka- pekee, bila -me-.

3. Kwa sentensi nne, eleza grafu ya samaki walioshushwa mwaloni kuanzia Aprili hadi Septemba 2024 kama ulivyoichora kichwani. Usitumie kitenzi "kuporomoka," wala usitaje sababu yoyote.

4. Kwa siku 14 mfululizo, andika kila asubuhi bei ya beseni la dagaa katika mwalo au soko lililo karibu nawe. Kama unaishi mbali na ziwa, tumia bei ya sado ya mahindi. Chora grafu ya mstari, ieleze kwa maneno 100, kisha mpe mwenzako maelezo bila grafu. Yeye achore grafu kwa kuyafuata, halafu mlinganishe mistari miwili. Pale mistari inapoachana, tafuteni neno gani lilimpoteza.